Basi Lililoondoka Limeshiba

Mjukuu wangu, yule anayefanya kazi mjini, alirudi juzi saa mbili usiku baada ya kukaa barabarani tangu saa kumi na moja. Akajitupa kwenye kiti akasema, "Haboba, wanasema Nairobi sasa ni jiji la dunia nzima." Haboba ni nyanya kwa Kinubi chetu. Nikamwambia avue viatu kwanza. Halafu nikamwambia hiyo habari imechacha, mimi nilitangaziwa nikiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, maana hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Na siku hiyo tulipotangaziwa, kutoka kwetu Lindi, huku Kibra, mpaka mjini ulikwenda kwa miguu yako. Yeye angalau alikuwa amekaa.

Akaniomba nimweleze. Nikaona afadhali niandike, kwa sababu nikieleza hunikatiza. Nilisoma madarasa matatu tu, lakini kalamu haiulizi cheti.

Kibra ya wakati huo usiitafute sasa. Palipo na mabati leo palikuwa na mahindi, migomba, na msitu wenye nyani wezi. Babu zetu walikuwa askari waliotoka Sudan na jeshi la Mwingereza, wakaambiwa wakae pale kilimani, wakakaa. Nyumba ilikuwa mbali na nyumba. Jirani akipika ulijua kwa moshi, harufu haikufika. Toi, pale palipo na soko la mitumba, palikuwa na ng'ombe wetu, na mimi mwenyewe niliwahi kufukuzwa na fahali mahali ambapo leo wanauza sidiria.

Mama yangu alikuwa kwa mume wake Kisumu. Mimi niliachwa kwa haboba wangu, mama yake mama, nimtilie uzi kwenye sindano. Kazi yangu ilikuwa hiyo, na niliifanya vizuri kuliko shule. Haboba alikuwa msusi wa tabaga. Tabaga ni kile kifuniko cha chakula cha duara, kinachosukwa kwa nyasi na kuzungushiwa ukindu wa rangi, nyekundu, kijani, nyeusi, manjano, mpaka ukikitazama sana kizunguzungu kinakushika. Bibi harusi wa Kinubi hatoki kwao bila tabaga, na bibi harusi aliyejiheshimu hakutoka bila tabaga ya haboba wangu. Sijisifu, naeleza. Watu walikuja kutoka Uganda.

Mwaka huo wa kutangaziwa jiji alisuka moja ya harusi, na robo nzima ya duara akaweka kijani palipotakiwa nyekundu. Mama wa bibi harusi alipoipokea alisema ni nzuri mno, kisha akaifunika haraka kwa kitambaa. Haboba alikuwa haoni vizuri, lakini kile kitambaa alikisikia kinavyovutwa. Wageni walipotoka akaniita.

"Niwekee mkono kwenye nyekundu."

Nikaushika mkono wake nikauweka kwenye ukindu mwekundu. Akaupapasa.

"Na hii niliyotumia?"

"Hiyo ni kijani, haboba."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ulipoanza kuisuka."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani ni mtindo mpya."

Akanipiga kofi dogo la kisogoni, akacheka. Halafu hakucheka tena siku nzima, na sindano hakuishika.

Mjomba wangu, mwanawe wa mwisho, alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Alimpeleka hospitali. Daktari akasema ni vikope, zile kope zinageuka ndani na kukwaruza jicho kila ukipepesa. Akasema dawa ipo, atiwe kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miezi mitatu bila kuruka, na akiruka ruka atapofuka. Haboba aliuliza neno moja tu: akimaliza dawa, ataijua nyekundu? Daktari akasema Mungu akipenda ataijua.

Basi tukaanza kwenda. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, yeye kashika bega langu, tukavuka kijito, tukapanda mlima wa Makina, tukafika Barabara ya Ngong, na kutoka hapo bado safari ndefu mpaka hospitali. Kulikuwa na basi lililopita Barabara ya Ngong likitoka huko kwa wazungu wenye mashamba. Siku nyingine lilisimama. Siku nyingine dereva alituangalia kama watu wanaoangalia mvua. Wiki ya tatu mvua ya masika ikaja, haboba akateleza pale kijitoni, goti likavimba kama papai. Jumanne iliyofuata hakwenda. Ijumaa hakwenda.

Mjomba akaja na vijana wanne na kiti cha mikono kilichofungwa miti miwili. "Mama, kaa hapa, tutakubeba mpaka barabarani."

Haboba akakipapasa kiti, akapapasa miti, akapapasa mabega ya yule kijana wa mbele.

"Mabega ya nani haya?"

"Yangu, haboba."

"Mabega mazuri. Yatunze." Akamgeukia mwanawe. "Sikiliza. Nitakwenda mjini kwa miguu au kwa gari. Kwa mabega ya watu nitakwenda siku moja tu, na siku hiyo sitahitaji macho."

Hakuna aliyembembeleza tena. Kwetu anayebebwa juu ya mabega ni maiti akipelekwa kuzikwa, na yeye alikuwa ameshawasindikiza hivyo mume na watoto wawili. Lakini siku za dawa zilikuwa zinaruka, na kila asubuhi nilimwona akigeuza uso kutafuta dirisha liko upande gani.

Ndipo habari ya jiji ikaja. Mjomba alikuja na gazeti, akasimama mlangoni akasoma kwamba Mfalme wa Uingereza ameandika karatasi, na kuanzia sasa Nairobi si mji tena, ni jiji. Wametundika bendera barabara nzima. Wakubwa wamevaa majoho.

"Maana yake nini?" haboba akauliza.

"Maana yake sasa tuko pamoja na miji mikubwa ya dunia. Tuko sawa na London."

"London wana basi?"

"Wana mabasi mengi, Mama. Mekundu. Yana ghorofa."

"Waambie watuletee moja. Lisilo na ghorofa, goti langu halitaki ngazi."

Mjomba alicheka, lakini ile kauli ilimwingia. Jioni hiyohiyo alikaa na wazee nje ya msikiti wakaandika barua kwa ofisi ya mabasi, na jirani yetu mwuza maziwa, mwanamke mnene aliyebeba debe kichwani mpaka mjini kila siku, akasema kama barua hiyo haina kidole chake basi hata basi lenyewe hatalipanda. Wakaweka vidole, wino ukaisha. Mjomba aliandika, na nayakumbuka maneno kwa sababu alitusomea mara tatu: kwamba mji huu sasa ni jiji, na haifai katika jiji mama mzee akose tiba kwa kukosa gari.

Majibu yalikuja. Walikuwa na basi moja tu la ziada. Na walioliomba walikuwa wawili, sisi, na watu wa Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, Wakikuyu wenye mashamba yao ambao walitaka kupeleka mboga sokoni. Kila mahali pangejaribiwa siku tatu. Kwetu basi lingekuja Jumatatu, Jumanne na Jumatano, saa mbili asubuhi, na karani angehesabu wanaopanda. Pasipo na watu, hapana basi.

Wanaume walijaza mawe kwenye barabara mpaka uwanja wa karibu na msikiti. Wanawake nao walijiandaa, na hapa ndipo nataka msomaji aelewe, kwa sababu wajukuu zangu hawaelewi. Kwetu mgeni akifika, hafanyi lolote na hafanyiwi lolote mpaka ale. Na kile alichokuja nacho, farasi, baiskeli, gari, hakiguswi mpaka yeye mwenyewe akukaribishe. Ukikigusa, umemwambia kwamba umefurahia chombo chake kuliko uso wake. Mtoto wa Kinubi anayarambishwa haya pamoja na uji.

Jumatatu basi likaja. Lilikuwa la kijani na mstari wa manjano ubavuni, limeoshwa, na lilipoteremka kile kilima mbuzi wote walikimbia. Likasimama. Akashuka dereva, na nyuma yake karani, kijana mrefu mwenye daftari, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo. Walikuta Lindi nzima uwanjani. Wanawake tumevaa gurbaba zetu, zile nguo za kujifunga za sherehe, wengine wamefunga nauli kwenye ncha ya leso tangu jana, na katikati kuna mkeka, na juu ya mkeka tabaga tano.

"Karibuni, karibuni," jirani mwuza maziwa akasema. "Nawisheni mikono wageni."

"Mama, sisi tuko kazini," karani akasema.

"Na sisi tumekuzuia kazi? Kaa ule."

Wakakaa. Ungefanya nini mbele ya wanawake wote wale. Wakafunuliwa tabaga ya kwanza, kisra, ule mkate wetu mwembamba kama karatasi, na mchuzi wa nyama. Ya pili, kuku. Dereva aliacha kusema alipofika kwenye kuku. Chai ikaja, ya maziwa matupu, mwenye maziwa alikuwa pale. Haboba alikuwa amekaa pembeni, fimbo mapajani, goti limefungwa kitambaa, yuko tayari kabisa.

Wakamaliza, wakanawa. Tukangoja watukaribishe.

Karani akaenda akasimama karibu na mlango wa basi, akafungua daftari. Akatuangalia. Tukamwangalia. Dereva akaingia akawasha moto. Karani akakohoa. Jirani akanong'ona, "Kijana ana haya. Ngojeni, atasema tu." Karani akatazama saa yake. Akafungua mlango zaidi, akasogea pembeni, akaangalia juu kama anatafuta ndege. 

Baadaye tulijua kwamba aliagizwa na mkubwa wake asimwite mtu wala asimshawishi mtu, aandike tu wale watakaopanda kwa hiari yao. Yeye alingoja tupande. Sisi tulingoja atukaribishe. Watu wazima wenye akili zao walisimama hivyo kwenye jua, kila mmoja na adabu yake, mpaka saa tatu.

Halafu karani akaandika, akatushukuru kwa chakula, akapanda. Tukawapa na kisra ya kupeleka nyumbani. Basi likageuka likapanda kilima tupu, na wanawake wakapiga vigelegele kwa sababu wageni walikula vizuri.

Mimi sikupiga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiwiko cha karani, na nilikuwa nimeona alichoandika. Nilimfuata haboba.

"Haboba, ametuandikia sifuri."

"Una hakika?"

"Naijua. Mwalimu alikuwa ananiandikia hiyohiyo."

Jirani akasikia. "Mnajua ni mtu wa wapi yule? Dereva ameniambia. Wa Kawangware. Mama yake ni mmoja wa hao walioweka vidole kwenye barua ya kwao. Angeandika nini kingine?"

Wanawake wakaanza kuwaka. Ameshiba kuku wetu, halafu anatunyima basi. Mmoja akasema kesho awekewe pilipili. Haboba akagonga fimbo chini.

"Nani alipanda?" akauliza.

Wakashika ncha za leso, nauli bado imefungwa.

"Nimeuliza, nani alipanda? Aliandika alichoona. Hata mimi ningekiona, na mimi ni kipofu."

Jioni mjomba akarudi kutoka mjini kwa miguu, matope mpaka magotini, akiuliza toka mbali, "Basi vipi?"

"Liliondoka limeshiba," haboba akajibu.

Alipoelezwa alikaa chini kabisa, kwenye majani. Akasema tumebakiwa na siku mbili, na Kawangware hawataandaa kuku, wataandaa kabichi na kupanda. Akatuomba kesho tusimpe mtu hata maji. Wanawake wakasema hilo haliwezekani. Mgeni aje kwetu mara ya pili akose maji? Wazee wakasema haliwezekani. Mjomba akasema basi tumwombe karani atukaribishe. Nikasema, ingawa mtoto hakutakiwa kusema, kwamba ameshaonyesha hatasema. Wakabishana mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Haboba alikuwa anavuta uzi usio na kazi kati ya vidole. Mwishowe akasema, "Mgeni anatumwa?"

"Hatumwi," mjomba akasema.

"Anayetumwa ni nani?"

"Mtoto wa nyumbani."

"Kesho mniachie yule kijana. Na mnikamatie kuku mmoja mzima, mwenye kelele."

Jumanne, siku ya dawa, basi likateremka tena saa mbili. Karani akashuka na daftari, na macho yake yakaenda moja kwa moja pale mkeka ulipokuwa jana. Mkeka haukuwepo. Kulikuwa na haboba, amesimama kwa fimbo mbele ya mlango wa basi, mimi namshika upande mmoja. Chini ya kwapa lake kuku mwekundu alikuwa anapiga makelele.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtajia jina la baba yake.

"Mama yako mzima?"

"Mzima, mama. Analima kabichi."

"Mimi sina mtu wa kunisaidia hapa," haboba akasema, mbele ya watu mia wote ndugu zake. "Nishikie kuku huyu."

Kijana akaangalia daftari, akaangalia kuku. Akaangalia dereva, na dereva akageuka upande mwingine, mabega yanatikisika. Nafikiri kama mama yake asingekuwa mkulima wa kabichi angekataa. Akaweka penseli sikioni, daftari kwapani, akampokea kuku kwa mikono miwili.

"Mshike miguu, mwanangu. Sasa nipe mkono."

Akampa mkono mmoja. Haboba akaweka mguu mzima kwenye ngazi, akavuta ule wenye goti bovu, akaingia. Na aliposikika anasema ndani, "Kiti kiko wapi," Lindi yote ikapanda. Karani hakuwa mgeni tena, alikuwa ametumwa kuku kama mtoto wa nyumbani. Gurbaba ziliingia mlangoni moja juu ya nyingine, jirani mwuza maziwa akaingia kiubavu na debe lake, wazee wa msikiti wakajifanya wamesukumwa. Karani alihesabu kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kuku, na kuku alishamdonoa kidole.

"Mama zangu, ngojeni. Wote mnakwenda wapi?"

"Hospitali," wakasema.

"Wote wagonjwa?"

"Mgonjwa ni yule mmoja," jirani akamwambia. "Sisi tunamsindikiza. Kwenu mgonjwa anaachwa aende peke yake?"

"Lakini mimi nahesabu wasafiri."

"Nimekalia kiti?"

"Umekalia."

"Basi likitembea nitakuwa wapi, Lindi?"

Akambana kuku kwapani, akaandika. Nilikuwa karibu nikaona amejaza ukurasa akafungua mwingine. Waliokosa nafasi walisimama uwanjani wakituaga kana kwamba tunakwenda kuhiji.

Nilikaa dirishani na haboba wangu, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumwonyesha jiji kwa mdomo. Nilimwambia kila kitu. Nikamwambia tumepanda Makina na goti halijauma. Nikamwambia hii ni Barabara ya Ngong, na yule ni mzungu na mbwa wake, na mbwa anatukodolea macho. Tulipokaribia mjini nikamwambia bendera bado zimetundikwa, nyingine zimelowa mvua zimejikunja, na kuna jumba la mawe lenye saa, na magari yamesimama mstari mmoja yanangojana.

"Yanangojana nini?"

"Sijui. Labda askari aliyenyoosha mkono."

Haboba aliletwa Nairobi na mume wake askari wakati pakiwa na mahema, reli, na matope. Alinipa mkono nimshike. "Hapo tulipo, kuna kinamasi?"

"Hakuna, haboba. Kuna duka la viatu."

"Usiku hatukulala kwa vyura. Babu yako alikuwa anawatukana kwa Kiarabu." Akasikiliza kidogo. "Wamekwenda wapi wote?"

Karani alikuwa amesimama mbele yetu, kuku sasa ametulia kifuani pake kama mtoto. Akamwuliza haboba kuku ni wa nani. Haboba akamwambia ni wa yule dada anayemtia dawa, kwa sababu amekosa siku nyingi na anaona aibu kwenda mikono mitupu. Akamwuliza siku gani za dawa. Jumanne na Ijumaa. Akamwuliza zimebaki nyingi? Haboba akamwambia zimebaki zote, kwa hesabu ya macho. Tulipofika kijana alishuka akamshika mkono mpaka mlango wa hospitali, kazini au si kazini.

Dada wa hospitali alipoona wanawake wote wale wanaingia kwenye chumba cha kungojea alisema mgonjwa mmoja tu. Jirani akamwambia ni mmoja, na akakalia benchi lake.

Jumatano hatukuwa wengi. Watu walikuwa wamechoka na hospitali. Walipanda waliokuwa na shughuli, na mzee mmoja aliyetaka kupanda na beberu akakataliwa, akasusa.

Halafu tukangoja barua. Mjomba hakula vizuri. Wanawake waliosema karani ni mtu wa Kawangware sasa walisema ni mtoto wetu, lakini walisema kwa wasiwasi. Ijumaa ya kwanza haboba hakwenda hospitali. Jumanne hakwenda. Nilimwona ameshika tabaga aliyoiacha nusu, anapitisha kidole gumba kwenye ukindu, anarudia, anarudia. Akaniuliza hapa ni rangi gani, nikamwambia. Akasema, "Ndiyo, nilijua." Hakujua.

Barua ikaja, mjomba akaisoma amesimama. Basi limepewa Kawangware, kila siku. Wanawake wakaanza kuguna. "Ngojeni," akasema, "haijaisha." Kila Jumanne na kila Ijumaa, basi hilo likitoka Kawangware litateremka Kibra mpaka uwanja wa Lindi, kisha liende mjini, na lirudi saa nane.

"Siku mbili tu?" jirani akasema. "Na ng'ombe wangu watakuwa wanakamuliwa siku mbili?"

"Nisomee tena siku," haboba akasema.

"Jumanne na Ijumaa, Mama."

"Dawa yangu ni siku gani?"

Mjomba akaishusha ile barua. Wote tukakumbuka kijana amesimama na kuku.

"Hilo ndilo jiji," haboba akasema. "Nipeni chai."

Kwa hiyo tulipanda basi moja na wanawake wa Kawangware, miezi mitatu na baada ya hapo. Walikuwa wanaingia na magunia ya kabichi na kutufundisha Kikikuyu cha matusi, na sisi tukawafundisha cha kwetu. Mama yake karani alikuwa mfupi, mweusi, mwenye sauti ya mwanaume. Siku ya kwanza aliingia akauliza kwa sauti, "Ni nani alimpa mtoto wangu kuku?" Haboba akanyoosha mkono kama mtoto shuleni. Wakakaa pamoja tangu siku hiyo, na alipochelewa mmoja, mwingine alimshikia kiti.

Haboba hakuruka tena siku hata moja. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu mpaka anakufa. La kulia lilirudi kidogo kidogo, na hakumwambia mtu. Mimi niligundua Ijumaa moja, tunangoja basi, ananiangalia upande.

"Shingo yako ina uchafu tangu lini?"

Nikajishika shingo.

"Na hiyo nguo umeivaa kinyume."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutukanwa. Wiki hiyo yote aliona kila kitu. Utando wa buibui juu ya dari, sufuria lililoungua, jirani aliyeongeza maji kwenye maziwa. Watu wakasema afadhali alipokuwa haoni.

Akatia uzi mwenyewe. Alianza tabaga mpya, kijani cha basi na mstari wa manjano ukizunguka, na nyekundu, nyekundu nyingi, kila mahali palipofaa na pasipofaa. Alisema anaisuka kwa ajili ya karani, siku atakapooa. Kazi yangu ikawa imeisha, nikakaa tu karibu naye naangalia. Katikati, mahali ambapo wasusi wetu huweka nyota, aliacha duara jeupe, nyasi tupu bila rangi. Nikadhani jicho limemdanganya tena, nikaogopa kuuliza. Mwishowe nikauliza.

"Haboba, hapa hujasahau kitu?"

Hakuinua kichwa. "Si ndivyo inavyoandikwa ile sifuri yako?"

Nikamwambia ndivyo, lakini huwa na tumbo jembamba zaidi. Akaitazama kwa jicho la kulia, akaifumua, akaanza upya.